Neno la Herufi Tatu

Kila Alhamisi Thirza Entwistle huoka mkate bapa,
mafuta ya nguruwe, zabibu kavu,
hamira hatii hata chembe.
Majirani wa bonde la Rossendale huuita mkate wenye huzuni:
haukuumuka, umelala kwenye sinia
kama mtu aliyekwisha kusomewa barua.

Mimi, mjukuu wake, nalipwa kutafuta umri wa maneno.
Ofisi yangu ni kadi, vumbi, na hita inayokohoa.
Wiki ile nikapewa *sad*.
Kazi ya asubuhi moja, nilijiambia,
mtoto wa chekechea analijua,
hulichora: duara, nukta mbili, mdomo uliopinduka.

Nikafukua. Chini ya machozi nikakuta uzito:
udongo unaong'ang'ania jembe,
rangi iliyokolea,
mtu asiyeyumba akisukumwa.
Nikafukua tena. Chini ya uzito
nikamkuta mtu amelegeza mkanda, sahani yake nyeupe:
zamani, zamani kabisa,
neno hilo lilisema nimeshiba, basi.

Nani alilihamisha
kutoka tumboni hadi kifuani?
Kadi hazisemi. Hakuna aliyetia sahihi.
Nadhani lilisogezwa kama kabati zito,
kila kizazi inchi moja:
shibe ikawa kukinai,
kukinai kukawa kuchoka,
na siku moja watu wakaamka
hawakumbuki kama paliwahi kuwa na chakula.

Babu Wilf tulimzika Jumanne, mvua ikipiga mshazari.
Majirani wakaleta pai za nyama, kachumbari ya vitunguu, keki,
chai iliyokolea mpaka kijiko kisimame.
Wakamjazia bibi sahani. Akala.
Akala kwa adabu, kama anayelipa deni,
mpaka uma ukatulia wenyewe.
Bi Ormerod akainama: kipande kingine, Thirza?
Bibi akaisukuma sahani,
akalitazama koti la babu, bado liko msumarini, bado limebeba mabega,
akasema: nimejaa.

Sikumuuliza kwa kipi.

Kadi ina nafasi ya mwaka
ambao maana kongwe ilitumika mara ya mwisho.
Vitabu vinasema ni karne na karne.
Nikaandika: Rossendale, Jumanne.
Msimamizi akaikata kwa wino mwekundu, na ana haki,
ofisi haiwezi kuendeshwa hivyo.

Alhamisi nikapanda basi kwenda kwa bibi.
Mkate ulikuwa mezani, haujaumuka,
umekatwa vipande viwili.