Mlango wa Banda la Kuku

Mbweha wa Capel Gerwyn hajawahi kula kuku wetu.
Banda lilikuwa la mawe na mbao mbovu,
lakini mlango wake ulitoka angani:
alumini, ribiti mia moja na kumi na nne
(nilizihesabu nikiugua surua),
na dirisha la duara
ambamo jogoo alichungulia kila alfajiri
kama abiria waliyesahau kumshusha.

Ilikuwa Februari, mwaka wa hamsini na tatu.
Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunakula viazi.
Injini nne zilipita juu ya paa, chini mno,
sahani zikacheza kabatini,
baba akasema, "Huyo amepotea,"
kama alivyozoea kusema juu ya kondoo.
Kisha mlima ukakohoa mara moja.

Watu thelathini na mmoja.
Wanaume walipanda na machela, wakashuka na mablanketi.
Rafadha moja, walisema, ilisimama wima kwenye tope,
panga zake zimelala nyuma
kama masikio ya sungura anayekimbia.
Hayo niliambiwa. Nilichokiona mimi ni mlango.

Ulilala peke yake, upande wetu, chini ya zizi,
mbali na mabaki,
theluji haijaufunika bado.
Nilishika taa. Baba aliufuta mpini kwa mkono wa koti,
akaugeuza.
"Mzima," alisema. Akaubeba mgongoni.
Vita vilikwisha, mgao bado; ubao ulikuwa mali.

Wachunguzi walikuja na kamba na madaftari.
Waliokota hata vijiko.
Walimuuliza baba kwa Kiingereza, akajibu kwa Kiwelisi
kwamba hajaona kitu,
na mkalimani, binamu yake, alitafsiri vivyo hivyo.
Mlango ulikuwa chini ya nyasi kavu.
Mimi nilikuwa juu ya nyasi.

Miezi minane baadaye, gazeti:
mlango wa nyuma haukupatikana.
Yamkini haukufungwa sawasawa.
Kazi ya kuufunga ilikuwa ya mhudumu,
Bi. Avis Penhallow, miaka ishirini na miwili, wa Truro.
Yamkini. Neno jepesi hivyo,
na lilimfuata mama yake mpaka dukani, mpaka kanisani.
Aliandika barua kwa kila shamba la bonde hili,
mwandiko umelala kama ngano baada ya mvua:
je, yuko yeyote aliyeona?
Baba aliiweka nyuma ya saa ya ukutani.
Hakuichoma. Hakuijibu.

Siri ya mlango aijuaye bawaba,
na bawaba zilikuwa zimekatika, zote mbili;
baba alizitupa ziwani, akatia za ngozi ya kiatu.
Ukabaki mpini.
Kama tuliukuta umelala, Avis, ulifunga.
Kama tuliukuta umesimama, hukufunga.
Basi, hilo tu.

Sasa nina miaka themanini na miwili.
Jana alikuja kijana wa makumbusho, glavu nyeupe,
akauliza: mlipouokota, mpini ulikuwaje?
Nikafumba macho. Taa, theluji, mkono wa koti.
Baba anaugeuza.
Lakini kutoka wapi kwenda wapi?

Mimi ndiye niliyelaza kuku.
Kila magharibi nilifunga, kila alfajiri nilifungua,
miaka hamsini na sita, hesabu mwenyewe.
Pale penye mpini alumini imelika,
imechukua umbo la kiganja changu. Chako hakimo.

Nilimwambia kijana: alifunga.
Akaandika.
Walipouinua kuupakia garini, unyoya ulidondoka,
naye akautia kwenye bahasha, akaandika namba.

Usiku sikulala. Nilitoka na tochi.
Kuku wa mwisho alikufa zamani,
banda limeachama,
na mkono wangu ukaenda wenyewe
mahali pa mpini,
ukageuza hewa.