Nakala Isiyo na Muhuri

Miaka thelathini na mmoja nilinakili maneno ya watu
pale ofisi ya bandari: barua, kumbukumbu za vikao,
onyo la kwanza, onyo la pili.
Kaboni kati ya karatasi mbili, vidole vya buluu,
na nakala daima ilitoka hafifu kuliko mama yake.

Sasa ninanakili mpunga.

Juu ya duka la cherehani, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
Mwalimu Shekimweri amenibandikia ukutani
picha ya kalenda ya chama cha ushirika, mwaka themanini na sita.
Agosti bado iko chini yake, na Jumapili zake nyekundu.
Mavuno, bonde la Mombo. Mchoraji hakutia jina.

"Usibuni," ananiambia. "Kubuni ni kwa wanaojua.
Wewe kopi."

Nimechora miraba kwa penseli juu ya marekani
tuliyoikaza kwenye fremu na kuipaka gundi na chokaa.
Mraba wa kwanza, mlima. Nikaupaka kijani
kwa kuwa Usambara ni kijani, nani asiyejua?
Akacheka. "Fumba macho nusu. Kijani unakiona wapi?"
Nikafumba.
Mlima ulikuwa rangi ya kaboni.

Ndivyo ninavyojifunza, na miaka yangu sitini na miwili:
kwamba kivuli si cheusi,
kwamba mpunga ulioiva una zambarau miguuni,
kwamba rangi nyembamba hutangulia, yenye mafuta hufuata,
ukigeuza itapasuka kama kisigino.
Tapentaini imenifukuzia hamu ya chai.
Na hewa ya Tanga, nzito, vuguvugu, haikaushi kitu:
Ijumaa nagusa anga ya Jumatatu, inanifuata kidoleni.

Wanawake watano wameinama. Nyuso hazionekani.
Nilidhani ni rahisi, migongo tu.
Mgongo wa tatu umenila siku nne.
Naupaka, naukwangua kwa kisu, naupaka.
Unakuja mgongo wa mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka,
si wa mtu aliye jarubani tangu alfajiri,
kijisu kiganjani, suke moja, suke moja, suke moja.
Mpaka nilipoweka brashi chini, nikainama mwenyewe
katikati ya chumba, mafundi wakichungulia ngazini,
nikakaa hivyo hivyo hadi kiuno kikasema.
Kiuno kilikumbuka. Mkono ukafuata.

Upo mraba mmoja, juu kulia, niliokuwa nikiukwepa.
Ndani yake dungu: nguzo nne, paa la nyasi.
Tupu.

Mimi utoto wangu niliukalia kwenye dungu kama hilo.
Nilikuwa na kombeo, debe bovu na sauti.
Kwelea kwelea walishuka kama wingu lenye njaa
nami nikapiga debe, nikapiga ukelele,
hadi mama akainua uso kutoka kwenye mpunga, mara moja tu,
kuhakikisha sijasinzia.
Shamba gani hilo lisilo na mtoto wa kuamia?
Mwaka ule ndege walikatazwa na nani?

"Usibuni," alisema mwalimu.

Sikubuni. Nilichukua brashi namba sifuri,
nyekundu ya udongo kiasi cha punje,
na nukta ya kijivu ubavuni mwake,
nikavigusisha kwenye kivuli cha dungu.

Mwalimu alikuja, miwani kwenye paji la uso.
Akatazama kalenda. Akatazama marekani.
Kalenda. Marekani.
"Hapa pana doa."
"Naam. Limenidondoka."
Akashusha miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kupakwa.
"Doa lenye debe," akasema,
akaenda kufungua dirisha, likauke.