Dirisha la Mwezi wa Saba

Desemba, moshi wa Uyole una adabu:
unainuka, unaaga, unapita juu ya mabati,
unakwenda zake Loleza.
Mwezi wa saba hauendi popote.
Baridi imeukalia
kama mfuniko juu ya sufuria ya kande,
na sisi sote tumo humo, tunaiva taratibu.

Saa kumi na moja alfajiri, pale njia panda,
malori ya Tunduma yanapashwa injini.
Yanaanza yenyewe kukohoa,
kisha nyumba zinayajibu, moja moja:
kwa Mwasomola, kwa fundi baiskeli,
kwa bibi wa magimbi.
Naujua mtaa huu kwa vikohozi
kama wengine wanavyojua majogoo yao.

Kazi yangu ni kuhesabu.
Nafunua blanketi, nafunua sweta la mtumba,
sweta la pili, fulana, kipande cha khanga
(mtoto wa huku ni kitunguu)
mpaka nakifikia kifua.
Saa mkononi. Dakika nzima.
Lwitiko, miezi minane: hamsini na nane.
Kitabu kinasema hamsini inatosha kuogopa.
Chini ya mbavu ngozi inazama, inazama,
kama anayevuta kwa mrija
soda iliyokwisha.

“Mnalala na jiko ndani, mama?”
Hakujibu. Alitazama dari.
Nikatazama nami:
utando wa buibui umenenepa kwa masizi,
unaning'inia kama pamba nyeusi.
“Fungua dirisha,” nikasema,
kwa sauti ile tuliyopewa kwenye semina
pamoja na begi na kalamu.

“Dada Anyisile,
njoo ulale wewe humu, dirisha wazi,
kule nje majani yana barafu,
halafu asubuhi uniambie umeamka na nani.
Kaka yake huyu alichukuliwa na baridi.
Juni.
Dirisha lilikuwa wazi.”

Hilo halikuwa kwenye semina.

Tukapanda bodaboda watatu na dereva,
mtoto ndani ya koti langu, joto lake tumboni mwangu
kana kwamba nimemeza kaa la moto.
Wodini mashine ikampulizia moshi mwingine,
mweupe, wa dawa.
Mama yake akarudi nyuma hatua moja.
Moshi ni moshi; nani amlaumu?

Nilitaka kumwambia: washa nje,
subiri mkaa uwe mwekundu, usiwe na moshi, ndipo uingize.
Nikawakumbuka wale wanafunzi wawili
wa chumba cha kupanga, nyuma ya gereji.
Walisubiri hivyo hivyo. Wakaingiza. Wakafunga.
Tuliwakuta wamejifunika vizuri,
mashavu yamewaiva kama ya watu waliotoka kucheka,
daftari la hesabu limefunguka katikati.
Pafukapo moshi pana moto, walisema wazee.
Hawakutuambia habari za pasipofuka.

Basi nikanyamaza. Nikamshikia chupa ya uji.

Usiku nimerudi kwangu.
Leso niliyopengea ina weusi wa wino,
shuka nililoanika asubuhi nyeupe
limeingia ndani na rangi ya mvi.
Jiko liko wapi? Lipo. Chini ya meza.
Na dirisha? Msiniulize.
Mimi pia nina mifupa.

Kisha nikaamka, nikatafuta gunzi la hindi,
nikalichomeka kwenye dirisha
likaachia upana wa vidole viwili.
Baridi ikaingia kama mkwe asiyebisha hodi,
ikakaa kitandani, miguuni kwangu.
Jiko nikalitoa uani, likalia chwii kwenye umande.

Nikalala chali, saa mkononi,
kwa mazoea tu, dakika nzima.
Ishirini na saba.
Nikarudia, labda nimekosea.
Ishirini na saba.
Nikakifungua kitabu kwa mwanga wa simu:
miezi miwili, miezi kumi na miwili, miaka mitano.
Kinaishia hapo.
Nje, lori la kwanza likakohoa
na mimi, bila kutaka,
nikalijibu.