Majani ya Chai

Bustani yangu ina hatua sita,
nne ukiondoa pipa la maji ya mvua
na baiskeli ya Kiyoharu isiyo na mnyororo.
Humo nimepanda chochote kilichokubali:
nargisi za mwezi wa tatu, zinazochomoza
kama vidole vya watoto wanaojua jibu;
peoni moja yenye maringo,
huchanua mwaka mmoja, ikasusa miwili;
na chini ya dirisha la jikoni, hidrenjia
ya marehemu mama mkwe.

Enzi zake ilikuwa buluu,
buluu ya kukufanya usimamishe baiskeli.
Majirani wakauliza siri. "Ni mkono," alisema,
akakung'uta birika nje ya dirisha,
akarudi kwenye redio yake.
Alipofariki, haikupita misimu miwili
ikageuka rangi ya ufizi.
Nikabadilisha udongo. Nikafukia misumari yenye kutu,
kama alivyonishauri muuza samaki.
Ufizi ukabaki ufizi.

Kiyoharu si mtu wa hatua sita.
Kila Juni, huku Matsue
ambako mvua ni mwenyeji na jua ndilo mgeni,
hunivuta hadi bustani ya mji:
tiketi yeni mia tatu, wazee nusu bei,
daraja la mbao linalopinda bila sababu,
na irisi, irisi, irisi zimesimama majini,
zambarau iliyokolea, zambarau iliyofifia,
nyeupe zenye mshipa mmoja wa manjano kooni.
"Kwa nini tulipe kutazama maua?"
"Kwa sababu huku," hujibu,
"hakuna anayeniambia nishike mpira wa maji."

Mwaka ule nilijikuta nimechutama ukingoni.
Irisi haifi kwa heshima.
Siku ya tatu hulegea, hujikunja,
huning'inia kama leso iliyofuta wino,
na mkono uliozoea hauombi ruhusa:
nilikata moja, nikakata ya pili,
ya saba ilikuwa mfukoni mwangu, imelowa,
nilipoona viatu vya mpira mbele yangu.

Binti wa miaka ishirini na kitu,
kibandiko cha jina kifuani: Tamaki.
Kiyoharu alianza kutazama samaki kwa makini
kama mtu asiyenijua.
Binti alinitazama mfuko, akaitazama irisi niliyoikata.
"Umekata chini ya kifuko cha mbegu," alisema.
"Wageni wetu wa kujitolea hukosea hapo mwezi mzima."
Akanipa ndoo.

Ndivyo Alhamisi zangu zilivyopata mwenyewe.
Saa mbili asubuhi, kabla ya lango kufunguliwa,
mimi na Tamaki na mzee mmoja asiyesema,
maji magotini, vyura wakitukemea,
tunaondoa ya jana ili ya leo yaonekane.
Watu huja saa tatu, husema: "Ajabu, hakuna hata moja lililonyauka!"
Sisi tuko nyuma ya banda, tunakamua soksi.

Na Kiyoharu, Alhamisi, yuko peke yake nyumbani.
Anashika mpira wa maji, analalamika kwa simu.
Peoni ilichanua nami sipo; akaniambia usiku,
"Lilifunguka lile la maringo," kama anayetaja hali ya hewa,
lakini alikuwa amelifunika kwa mwavuli wake mzuri.

Juni iliyofuata nilirudi na soksi mkononi,
nikasimama chini ya dirisha la jikoni.
Hidrenjia, upande wa ukutani, ilikuwa imeanza:
kichwa kimoja buluu kamili,
cha pili kikiwa bado hakijaamua.
Sikujua nimshukuru nani, udongo au misumari,
hadi dirisha lilipofunguka juu yangu,
ukatoka mkono wenye birika, ukakung'uta,
na majani ya chai, ya moto bado,
yakanitua begani.

"Mbona umesimama hapo?" aliuliza mume wangu.
"Jaa liko mbali."