Muuza Vinkubala

Mimi nauza viwavi. Nisiwafiche.
Soko la Kenya, upande wa samaki wakavu,
beseni la bluu lenye ufa nilioziba kwa lami;
kipimo ni kopo la nyanya, na nyongeza ya kiganja.
Vinkubala vyangu ni vyeusi, vimesinyaa kama misumari ya zamani,
na Lubumbashi nzima inajua: ukivikaanga na kitunguu
bukari huteremka yenyewe.

Kwa hiyo mwaka ule, mvua ya Desemba ilipokatika siku tisa,
nikafika shambani, barabara ya Kipushi,
nikakuta majani ya mahindi yametoboka kama chekecheo lililochakaa,
na katika koo la kila mche
kinyesi kilicholowa, kama unga wa msumeno,
nilicheka kwanza.
Nikasema: nanuka soko, wamenifuata.

Kweli walinifuata. Walikuja kudai deni.

Monga, jirani yangu, hakucheka.
Alinunua chupa isiyo na karatasi,
akapuliza saa sita mchana, upepo ukitoka kwake kuja kwangu,
hana kitambaa puani, dawa ikimvujia mgongoni.
Jioni nyuki walilala kifudifudi ndani ya maua ya maboga yangu.
Sisimizi wekundu, wale waliokuwa wakiburuta viwavi
kama wanaume sita na jeneza,
kimya.
Na kiwavi?
Kiwavi alikuwa chini kabisa, kooni, amefunga mlango,
amejifunika uchafu wake mwenyewe kama blanketi,
anangoja jua lishuke aje mezani.
Monga alikohoa hadi Pasaka.

Mjukuu wangu Kabedi ndiye aliyemtazama usoni.
Alimshika kwa vidole viwili, akamgeuza kwenye mwanga:
"Bibi, ana herufi kwenye paji. Ni Y, ila imesimama kwa kichwa."
Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo
akasoma shambani herufi ambayo mwalimu alikuwa hajaifikia.
Na karibu na mkia, madoa manne,
mraba, kama vifungo vya koti la askari.
Basi tukamjua. Kiwavijeshi.
Asiyejulikana hupigwa gizani, na gizani unaumiza wako.

Toka siku hiyo tunalitangulia jua.
Tunageuza majani moja moja;
mayai yamelundikana, yana manyoya kama ukungu wa mkate wa juzi.
Tunayaponda kwa gumba. Gumba haliombi franka.
Majivu ya mbabula, niliyokuwa nikiyamwaga mferejini,
sasa nayachekecha, nayachanganya na mchanga laini wa Kafubu,
kidokozi kimoja kila koo,
atafune mchanga, tuone.
Wale wanene tunawaokota kwenye kopo la nyanya,
lilelile la sokoni
(naliosha, msiniangalie hivyo)
na kuku wanatungoja langoni wamekaza shingo.

Mteja mmoja, Mama Mwansa wa Katuba, aliinama juu ya beseni:
"Hivi si wale wa shambani kwako?"
Nilimwambia: Mama, hivi vimetoka msituni.
Vilikula majani ambayo mimi sili,
nami nikavila. Hapo hakuna ugomvi.
Yule wa shambani anakula bukari yangu
kabla haijawa bukari.
Alinunua makopo mawili. Aliyachambua kimoja kimoja,
akitafuta herufi.

Nilivuna magunia saba.
Mwaka wa nyuma yalikuwa kumi na moja; siwadanganyi,
majivu si muujiza, na asubuhi nyingine
mgongo ulikataa kuinama, nao walikula siku hiyo.
Monga alipata mawili.

Novemba, wingu la kwanza lilipotia giza upande wa Kipushi,
alisimama mlangoni kwangu ameshika bakuli tupu.
Nikafikiri anataka unga. Nikaanza kutafuta maneno.
Alitaka majivu.

Nikampimia kopo,
na nyongeza ya kiganja.