Kisima Chenye Kufuli Mbili

Newala maji hatuna mto wa kuyafuata.
Yanadondoka kwenye bati, yanapita mfereji,
yanaingia kisimani chini ya ua,
na juu ya kisima kuna mfuniko wa chuma,
na juu ya mfuniko kufuli mbili.
Ufunguo mmoja ninao mimi.
Wa pili anao shangazi Binasa, kaufunga pindoni mwa khanga.
Atakaye ndoo atukute wote wawili.
Majirani wanatuita wachoyo. Waache.
Mwezi wa kumi wanaijua njia.

Kompyuta niliinunua Masasi, mkono wa pili.
Neno lake la siri: jina la mwanangu na mwaka aliozaliwa,
nimeliandika kwa kalamu ya bluu
ubavuni mwa kalenda ya chama cha msingi,
na kila aliyekuja kuulizia malipo ya korosho
alilisoma huku akisubiri chai.
Hilohilo kwenye barua pepe,
hilohilo benki.
Neno moja, milango yote:
nilijiona mwaminifu.

Ujumbe ulikuja wiki ya mnada wa tatu,
wakati wilaya nzima imeshika simu mkononi.
*Akaunti yako itafungwa. Tutumie tarakimu sita ulizopokea.*
Nikatuma.
Mimi, niliyetoka unyagoni na maneno
ambayo mume wangu, miaka kumi na tisa,
hajayasikia hata nikiwa na homa,
tarakimu sita nikampa
mtu nisiyekijua hata kikohozi chake,
chai haijapoa.

Akaingia, akatia komeo kwa ndani.
Nikabisha hodi kwangu mwenyewe:
neno si sahihi.
Nikabisha tena, polepole, herufi kwa herufi,
kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.
Si sahihi.

Kesho yake nikabeba kompyuta kwenda Masasi kwa fundi Malibiche,
na huku nyuma mwizi kavaa jina langu, anazunguka:
*Mpendwa, nimelazwa Ndanda, naomba laki moja,
usipige, simu ina tatizo.*
Mwalimu Chilumba alituma elfu hamsini.
Namlipa kidogo kidogo; hataki kuzihesabu,
na hilo ndilo linaloniuma.

Shangazi Binasa hajui kusoma.
Mjukuu wake alimsomea.
"Rudia."
Akarudia.
"Kaniita nani?"
"Mpendwa."
"Huyo si Somoe. Somoe akiwa na shida huanza kwa kugomba."
Akarudi kuchambua mbaazi zake,
na laki yake ikabaki kwenye mkebe wa maziwa.

Siku tatu fundi alihangaika mpaka nikarudishiwa jina.
Akaniambia, "Mama, fanya masasisho."
Nikacheka: watu wa Masasi kwa kujisifia mji!
Hakucheka. Akanionyesha kidirisha
nilichokuwa nakifukuza mwaka mzima kama kuku jikoni:
kilikuwa kinaomba kuziba matundu.
Akanifundisha pia kufuli ya pili,
ile inayogonga kwenye simu kuuliza, ni wewe kweli?
"Na tarakimu zake," akasema,
"benki hawaziulizi. Mimi siziulizi. Anayeziuliza ndiye."

Kalenda nimeibandua.
Ukutani pamebaki mraba mweupe,
wageni wanautazama wakisubiri chai.
Neno jipya ni refu, la benki lina lake, la barua lina lake,
moja limetoka kwenye kitu alichokisema mtu
mwaka ambao mvua haikunyesha.
Zaidi ya hapo siendelei.

Jana shangazi alikuja na ndoo.
Yeye ndiye aliyekuwa kungwi wangu.
Akakaa juu ya mfuniko wa chuma, akavuta pumzi,
akaniuliza kama anayeuliza bei ya chumvi:
"Hebu niambie, hilo neno lako jipya ni lipi?"
Nikamtazama.
Nikafagia ua, uliokuwa umeshafagiwa.
Alingoja, alingoja sana,
kisha akasimama, akafungua pindo la khanga,
akatoa ufunguo wake.
Nikatoa wangu.