Safu ya Nne

Fomu ilikuja Jumatatu, mhuri wa wino wa zambarau,
ikitaka idadi: wasioona, wasiosikia, wasiotembea,
na safu ya nne, "wengineo",
nyembamba kama ufa wa dawati.
Irudishwe Ijumaa kabla ya saa sita.

Nilianza vizuri. Asiyesikia: mmoja. Apondi.
Asiyeona, nikasita. Omuga huona,
ila kitabu sharti akinuse ndipo akisome.
Na Akeyo, ambaye neno humkwama kooni kama mwiba wa ngege,
lakini mpe chaki uone kama ubao utamtosha?
Na Obonyo, afikaye saa nne, sauti imemwisha,
tangu alfajiri anafukuza ndege mpungani?
Nikaisukuma fomu chini ya kopo la chaki.

Niseme ukweli, sikuwa mwalimu huyu.
Miaka kumi na mmoja nilifundisha kwa mdomo na mgongo:
mdomo kwa walionifuata, mgongo kwa waliobaki.
Robo niliichora duara, nikaikata, nikauliza, "Mmeelewa?"
Wakaitikia "Ndiyooo",
ile ndiyo ndefu ya watoto wanaongoja kengele.
Obonyo alipata sifuri katika robo.
Jumamosi nikamkuta soko la Ahero, kibandani kwa mama yake,
akimpimia mtu robo gorogoro ya mchele
bila kudondosha punje,
na chenji yangu akanipa kabla sijaihesabu.
Nilibeba mchele wangu kimya.
Kilo mbili tu, na bega liliniuma hadi nyumbani.

Wiki iliyofuata nilikuja darasani na gorogoro,
na mchanga wa mto Nyando,
na kamba ya mafundo kumi na mawili
ili anayetaka kuipapasa robo aipapase.
Nikamwomba Rabuor, fundi wa sare, kiziwi tangu utotoni,
aje kila Ijumaa, malipo chai na mandazi mawili,
atufunze ishara sote, si Apondi peke yake.
Wenzangu ofisini: "Unafundisha ama unachezea mchanga?"
Muhula ule hatukung'ara. Hilo nalo nalisema.

Jana, saa nane na dakika kumi, mvua.
Mvua ya huku haibishi hodi, inamwaga kokoto juu ya mabati.
Neno langu likafia katikati: "theluthi—"
Zamani ningesema, na nani angesikia, lazeni vichwa,
wakalalia mikono yao mpaka mawingu yachoke.

Apondi hakujua kuna kelele.
Aliona tu nimesimama kinywa wazi.
Akaja mbele, akanipokonya kamba, kwa adabu,
akashika fundo la nne,
akatuuliza kwa mikono: hii ni nini ya nzima?
Mikono sitini ikapanda.
Akeyo alijibu kabla ya wote;
vidole vyake havijui kigugumizi.
Obonyo hakuihitaji ile sauti aliyoiacha mpungani.
Omuga hakuona kitu kutoka pale,
ila Nyangweso alimshika mkono
akamwandikia theluthi kiganjani kwa kidole,
jambo ambalo mimi sikuwafundisha.

Nikaketi dawati la nyuma, paa likinidondokea begani.
Nikainua mkono, nina swali.
Apondi akanitazama: ngoja, zamu yako bado.

Leo Ijumaa, saa tano na nusu. Fomu ina doa la chai.
Nimeandika: wasiosikia, jana, dakika arobaini,
sitini na wawili, mwalimu akiwemo.
Najua itarudishwa, "Jaza upya", kwa wino ule ule.
Safu ya nne nimeiacha.
Rabuor amefika, anapangusa tope viatuni mlangoni,
na mikono ya watoto imekwisha kuanza kumsalimu.